Kwa nini mwanao hakuambii yanayomsumbua

Mzazi akifika hospitali na mtoto aliyezidiwa, moja ya maswali ya kwanza anayoulizwa ni tatizo limeanza lini. Mara nyingi mzazi hujibu, "Jana jioni." Mtoto akiulizwa, jibu huwa jingine: wiki iliyopita, mwezi uliopita, tangu shule zilipofunguliwa. Muda uliopo kati ya majibu hayo mawili ndio muda ambao mtoto alikuwa anateseka humo humo nyumbani, mnakula naye, mnalala naye nyumba moja, na hakuna aliyejua.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Msemo huu tumezoea kuwaambia watu wazima wanaokwepa hospitali, lakini watoto nao huficha maradhi, na huficha pia hofu, vitisho, huzuni na mambo waliyofanyiwa. Wengi wao hawafanyi hivyo kwa ukaidi. Wameshapiga hesabu ya kitakachotokea wakisema, na hesabu hiyo wamejifunza kwa kututazama sisi tunavyopokea habari.

Wiki hii tuangalie kinachomfunga mtoto mdomo, madhara yake kiafya, na namna mzazi anavyoweza kuwa mtu wa kwanza kuambiwa badala ya kuwa wa mwisho.

Magonjwa ambayo hayasubiri aibu iishe

Chukua mfano wa kijana wa miaka 13 anayeamshwa usiku na maumivu makali ya korodani. Anaona aibu, kwa hiyo akiulizwa anasema tumbo linamuuma. Anapewa dawa ya kutuliza maumivu na kuambiwa alale. Kumbe korodani imejinyonga, yaani mshipa unaoishikilia na kuipelekea damu umejisokota. Hali hii huwapata zaidi vijana wanaobalehe. Akifika kwenye upasuaji ndani ya saa 6 hivi tangu maumivu yaanze, korodani nyingi huokolewa. Zikipita saa 24, mara nyingi haiokoleki tena, bali hutolewa. Kwa hiyo kijana wa kiume akilalamika ghafla kuhusu maumivu makali chini ya tumbo, hasa akiwa anatapika, muulize wazi kama korodani zinauma au zimevimba, na umpeleke hospitali usiku huo huo.

Mzazi wa mtoto wa kiume mwenye selimundu ana jambo la kuongeza hapo. Ugonjwa huu unaweza kusababisha uume usimame wenyewe kwa muda mrefu, tena kwa maumivu. Hali hiyo ikizidi saa 4 ni dharura, kwa sababu inaweza kuharibu nguvu za kiume za baadaye. Wavulana wengi hawasemi, wakidhani watachekwa au wataambiwa wana tabia mbaya. Mtoto anatakiwa aelezwe mapema, kabla halijamtokea, kwamba hiyo ni sehemu ya ugonjwa wake kama yalivyo maumivu ya mifupa, na kwamba likitokea aseme mara moja.

Kwa binti, suala la hedhi ndilo hufichwa zaidi. Anayelazimika kubadilisha pedi kila baada ya saa moja au mbili, anayetokwa damu zaidi ya siku 7, au anayekosa shule kila mwezi kwa sababu ya maumivu, anahitaji kuonwa na daktari. Akinyamaza anaweza kuishiwa damu taratibu, na nyumbani tukabaki kusema siku hizi amekuwa mvivu.

Halafu kuna kukojoa kitandani. Kwa mtoto wa chini ya miaka 5 hiyo ni sehemu ya kukua, na wapo wanaochelewa kuacha hata baada ya miaka 7 bila kuwa na ugonjwa wowote. Cha kuangalia ni mtoto aliyeshaacha kwa miezi 6 au zaidi, kisha akaanza upya. Huenda ana maambukizi ya njia ya mkojo. Huenda ni kisukari, hasa kama anakunywa maji mengi kupita kawaida na anakonda. Au kuna jambo linamtisha, shuleni au hapo hapo nyumbani. Mtoto anayechapwa na kuitwa kikojozi mbele ya wenzake atajifunza kuamka alfajiri na kuficha shuka, na dalili hiyo itafichwa pamoja na shuka.

Mtoto anaanza kwa kukupima

Ni mara chache mtoto kuja na tatizo kubwa moja kwa moja. Huanza na dogo. Anakuambia amepoteza kalamu, au amepata alama 30 kwenye hesabu, au kuna mwenzake amemtukana. Wakati mwingine anakuja na habari ya mtu mwingine:

"Mama, kuna rafiki yangu kuna kaka anamtumia meseji za ajabu ajabu."

Hapo mtoto anatazama uso wako. Ukijibu, "Huyo rafiki yako ana tabia gani? Nisikuone naye tena! Na simu yangu usiiguse," ameshapata alichokuwa anakitafuta. Amejua kwamba ukisikia jambo kama hilo, mwenye kosa ni mtoto. Kama huyo rafiki ni yeye mwenyewe, hutasikia tena.

Jibu jingine lingeweza kuwa hili: "Maskini, lazima anaogopa. Ameshamwambia mtu mzima? Wewe unaona tumsaidieje?" Hujamshika wala hujamtuhumu. Umemwonyesha tu kwamba kwako jambo hilo linasemeka. Huenda asiongeze neno siku hiyo, lakini atarudi.

Ndiyo maana mzazi anayesema, "Mwanangu akiwa na shida kubwa ataniambia," anatakiwa ajiulize alipokeaje zile ndogo. Mtoto aliyechapwa kwa kuvunja glasi baada ya kusema ukweli, wakati mwenzake aliyekana alisalimika, amefundishwa jambo, na hataliacha afikapo miaka 15.

Ziko pia kauli tunazozitoa bila kuwalenga watoto, nao wanasikia. Taarifa ya binti aliyepata ujauzito inapita redioni, baba anasema, "Angekuwa wangu angehama nyumba hii." Jirani anasemekana kupata ugonjwa wa akili, mama anacheka. Mtoto ameketi pale anachora kwenye daftari, na kila neno linaingia.

Zamani kulikuwa na bibi

Wapo wazazi wanaosema mambo haya ni ya kigeni, kwamba kwetu mtoto hakai na mzazi kuzungumza mambo ya mwili. Kuna ukweli ndani yake. Katika jamii zetu nyingi mama hakuwa mtu wa kuambiwa kila kitu, wala baba. Lakini mtoto hakuachwa bila mtu. Bibi na mjukuu walikuwa na utani, na ndani ya utani huo mengi yalisemwa. Binti alikuwa na shangazi, na pwani alikuwa na somo wake. Kijana alikuwa na babu, na aliyepitia jando alikuwa na wakubwa wa kumfunda.

Siku hizi bibi yuko kijijini, shangazi yuko mkoa mwingine anaonekana kwenye misiba na harusi, na mtoto anakua kwenye nyumba ya kupanga akiwa na wazazi wanaoondoka alfajiri na kurudi usiku. Heshima ile ya kutoambiana mambo imebaki, ila watu waliokuwa wakiijazia pengo hawapo. Pengo hilo sasa linajazwa na simu, na wenzake ambao nao hawajui, na wakati mwingine na mtu mzima mwenye nia mbaya aliyegundua kwamba mtoto huyu hana wa kumwambia.

Kwa hiyo si lazima uwe wewe mwenyewe kwa kila jambo. Lakini ni lazima awepo mtu, na mtoto amjue kwa jina. Mwambie wazi: "Kama kuna jambo unaona ugumu kuniambia mimi, mwambie mama mdogo. Nimeshaongea naye, na sitakasirika ukianzia kwake." Maneno hayo machache yanampa mtoto ruhusa ambayo wengi hawaijui kama wanayo.

Dakika za kwanza baada ya kuambiwa

Siku mtoto atakapofungua kinywa, huenda utakuwa jikoni, umechoka, na habari yenyewe itakushtua. Utakachofanya katika dakika hizo kitaamua kama atamalizia maelezo.

Acha ulichokishika, ukae chini. Kama haiwezekani, mpe muda anaoweza kuushika: "Nataka kukusikia vizuri. Nikiepua hiki chakula tunakaa nje wawili," kisha utimize.

Msikilize mpaka amalize kabla ya kuuliza. Maswali ya "kwa nini" mwanzoni humfanya ajitetee: kwa nini ulikwenda, kwa nini hukusema mapema. Afadhali useme, "Halafu ikawaje?" au "Endelea, nakusikia."

Usiapize wala kutishia kuua mtu, hata kama ndivyo unavyojisikia. Mtoto anayeona baba anachukua panga atajuta kwamba alisema, na anaweza kuyakana maneno yake ili kuzuia balaa.

Usiahidi siri usiyoweza kuitunza. Akikuambia, "Niahidi hutamwambia mtu," mjibu kweli: "Kama kuna mtu anakuumiza, itabidi tupate wa kutusaidia. Lakini sitafanya kitu bila kukuambia kwanza nani namwambia na kwa nini." Siri nyingine zote, kama vile kwamba ameanza hedhi au anampenda mtu darasani, zitunze. Mtoto akisikia habari yake inasimuliwa kwa mashangazi sebuleni kwa vicheko, mlango umefungwa.

Mwisho, mwambie maneno matatu: nakuamini, si kosa lako, umefanya vizuri kuniambia. Hata kama alikosea, kwa mfano alikwenda mahali alikokatazwa, la kosa litasubiri. Kwanza usalama na matibabu.

Akikuambia amefanyiwa ukatili

Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 uliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24 yaliyowapata utotoni. Karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Karibu nusu ya wasichana hao, na zaidi ya theluthi mbili ya wavulana, hawakumwambia mtu yeyote. Tazama namba hiyo ya wavulana. Tunawalea kwa kuambiwa mwanaume halii, wakajifunza kwamba mwanaume pia hasemi.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mara nyingi anayemdhuru mtoto ni mtu anayefahamika: ndugu, jirani, mwalimu, rafiki wa familia. Ndiyo sababu habari hii huwa ngumu kwa mtoto kuitoa na ngumu kwa mzazi kuipokea.

Akikuambia amebakwa au amelawitiwa, saa zinahesabika. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kadiri zinavyoanza mapema ndivyo zinavyofanya kazi vizuri. Hutumika kwa siku 28. Kwa binti aliyeshavunja ungo, dawa ya kuzuia mimba inaweza kutolewa ndani ya siku 5, nayo pia ikiwahi ndiyo bora. Yapo pia matibabu ya kuzuia magonjwa mengine ya zinaa.

Usimwogeshe kabla hajaonwa na daktari, na usifue nguo alizovaa. Zifunge kwenye mfuko wa karatasi au kitambaa kikavu uende nazo. Nenda kituo cha afya au hospitali iliyo karibu. Baadhi ya hospitali zina Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii hupatikana mahali pamoja. Kesi huripotiwa kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Usikubali kuyamaliza kifamilia kwa fedha au kwa kuombana radhi, kwa sababu mtoto atabaki anaishi na aliyemdhuru.

Na kama saa 72 zimeshapita, hata kama ni miaka, bado mpeleke. Kuna vipimo, kuna ushauri, na kuna kuaminiwa, ambako nako ni sehemu ya kupona.

Kama tatizo ni mtu anayemtishia kusambaza picha zake, usianze kwa kuvunja simu wala kufuta meseji. Huo ndio ushahidi. Mwambie asimtumie huyo mtu fedha wala picha nyingine, hifadhini mazungumzo, mwende polisi.

Huzuni isiyo na jina

Shirika la Afya Duniani linasema theluthi moja ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla ya mtu kutimiza miaka 14, na mengi hayagunduliwi. Sababu mojawapo ni kwamba kwa kijana sonona haifanani na huzuni tuliyoizoea. Huonekana kama hasira, kama kujibu ovyo, kushuka darasani, kuumwa kichwa na tumbo kila asubuhi ya shule, kulala sana au kukosa usingizi, kuacha mpira au kwaya aliyokuwa akiipenda. Yakidumu zaidi ya wiki mbili, usimalizie kwa kusema ni ujana. Mpeleke akaonwe.

Ukisikia kauli kama "bora nisingezaliwa" au "mtapumzika nikiondoka", muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Wazazi wengi wanaogopa kwamba swali hilo litampa wazo. Halimpi. Linampa nafasi ya kusema wazo alilonalo tayari. Akikubali, usimwache peke yake, ondoa dawa na sumu za shambani au za panya mahali anapoweza kuzifikia, na mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Mahali pa kuzungumzia

Watoto wengi, hasa wavulana, hawasemi wakikalishwa kwenye kiti kutazamana na mzazi. Kikao cha namna hiyo wamekizoea kama kikao cha makosa. Husema zaidi mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa kwingine: mnachambua mchele, mnafua, mnapalilia, mnaosha pikipiki, anakusindikiza dukani. Kama mnaishi chumba kimoja na hakuna faragha, hiyo safari ya dukani ndiyo chumba chenu. Nenda na mtoto mmoja mmoja, wengine wasubiri zamu.

Uliza maswali ambayo hayajibiki kwa "ndiyo" au "salama". Badala ya "Shule vipi?" uliza, "Leo nani kakuchekesha? Nani kakukera?" Na wewe mwambie ya kwako yaliyo saizi yake, kwamba leo kazini umekasirishwa na ulivyotulia. Mtoto anayesikia mtu mzima akisema "nilikuwa na hofu" anapata maneno ya kutumia siku yake.

Aliye bweni ana shida nyingine. Akipiga simu, mara nyingi matroni au mwalimu yuko pembeni. Panganeni neno la siri kabla hajaondoka, kwa mfano akiuliza habari za mbuzi wa bibi, ujue kuna jambo na uende. Siku ya kutembelea wanafunzi, tenga angalau nusu saa ya kukaa naye pembeni bila wadogo zake na bila kufungua matokeo ya mitihani.

Kama ulishampokea vibaya huko nyuma, hujachelewa. Mwambie: "Siku ile uliponiambia lile jambo, nilikugombeza kabla sijakusikia. Nilikosea. Nikikuomba uniambie tena, nitanyamaza mpaka umalize." Hakuna mzazi aliyepungukiwa heshima kwa maneno hayo, na wapo watoto wanaoyasubiri kwa miaka.

Na mtoto mwenyewe ajue namba 116. Ni huduma ya simu kwa mtoto, haina malipo, na inapatikana Tanzania na hata Kenya. Mfundishe kama unavyomfundisha namba yako. Mwambie ni ya siku ambayo hatakupata wewe, au ya siku ambayo ataona hawezi kukuambia. Kumpa mtoto njia ya kupita pembeni yako hakumwondoi kwako. Anaona kwamba kwako usalama wake uko mbele ya fahari yako, na mzazi wa namna hiyo ndiye watoto humwendea kwanza.